Jua la Mnara

Chumba cha kushonea, 18 Januari

Mdogo wangu Ngazi,

Salamu nyingi, na pole tena kwa yale ya mwezi uliopita. Siku ile mahakama ilipohamia barabarani sikukuandikia, na ukweli ni kwamba sikuwa na moyo. Nilisimama kando ya uzio wa kiwanda cha mbao nikamwona hakimu akitazama saa, akitazama jua, akitazama barabara. Jua likazama zake kule kushoto, nyuma ya ghala la pamba, mbali kabisa na barabara. Karani akaandika. "Mshtakiwa anasema jua lilimpofusha akamgonga mlinzi wa kiwanda," hakimu akasema. "Jua nimeliona. Haliko barabarani." Mwendesha mashtaka alitabasamu tu, na lile tabasamu bado limenikaa kooni. Mke wa marehemu mlinzi alikuwa amesimama karibu nami. Hakunitazama.

Nilirudi nyumbani nikijua mambo yamekwisha. Nakwambia wazi, nilianza kufikiri kwamba umetudanganya.

Sasa nisikilize. Unajua chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama machweo. Mwaka mzima huwa naisogeza meza ya cherehani kidogo kidogo, kwa sababu jua la jioni likinipiga usoni najichoma kidole badala ya kushona kitambaa. Nafanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyojigeuza kitandani. Juzi nimeisogeza tena, nikasimama na meza mikononi kama mwizi. Kwa nini naisogeza? Kwa sababu jua limehama. Nikachungulia nje. Halizami tena nyuma ya ghala. Limeshatoka kwenye kona yake, linakwenda kulia, upande wa barabara.

Linarudi, Ngazi. Ajali ilikuwa mwezi wa tisa. Mahakama ilikwenda mwezi wa kumi na mbili. Hawakuliona jua lako kwa sababu lilikuwa safarini. Tangu juzi nalifuatilia kila jioni. Wateja wanalalamika magauni hayaishi, waache walalamike. Wakili wetu nimemweleza, akakuna kidevu, akasema nimletee kitu cha kushika, si hadithi. Hukumu ni tarehe tatu Aprili. Jua likifika barabarani kabla ya hapo, hakimu nitamburuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama yupo hapa kwangu, anaendelea vizuri. Kidonda cha kichwani kimepona. Ila ile jioni ya ajali bado hana hata punje yake: anakumbuka anapanda gari la mikate pamoja nawe, halafu anakumbuka kitanda cha hospitali. Na macho yake ni yale yale, ukungu mtupu. Kuja kukuona bado hataki. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Mtu aliyeendesha gari lile miaka yote kabla yako hataki hata kusikia neno jua. Akilisikia anatoka chumbani.

Kula vizuri. Usiwaachie wenzako sahani yako kwa huo upole wako.

Dada yako


Rumande, 29 Januari

Dada,

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa, kama kawaida yao. Askari anayezisoma ameniuliza kama ni kweli dada yangu anafukuzana na jua kwa meza. Nikamwambia ni kweli, na bado hujamwona akiwa na hasira.

Mimi mzima. Tumelala wengi, miguu yangu inalala kwa jirani. Mwanzoni alilalamika, siku hizi anaifunika kwa blanketi lake kabla ya kujifunika yeye. Asubuhi tunafagia uwanja, mchana tunaukalia tulioufagia.

Kuhusu jua, nakushukuru dada, lakini liache. Nasema hivyo kwa dhati. Mtu amekufa. Ana mke, ana watu wake, na gari nililokabidhiwa mimi ndilo lililomgonga. Jua liwe mbele, liwe nyuma, hilo halibadiliki. Nikifungwa nitafungwa. Bado kijana, nitatoka na meno yangu yote.

Nina ombi moja tu na naomba ulishike. Usimpeleke Mama kwenye barabara ile, hata kwa kupita. Daktari alisema kichwa chake kisisumbuliwe. Usimuulizeulize pia. Na ikitokea akaanza kukumbuka chochote, kitu chochote kile, niandikie mimi kwanza kabla hujamwambia wakili.

Kama hataki kuja kuniona, mwache. Usimlazimishe. Ana haki yake.

Mdogo wako


Chumba cha kushonea, 12 Februari

Ngazi,

Eti liache. Ungekuwa karibu ningekupiga kwa rula yangu ya mbao. Sisi huku nje tumeshika roho mkononi, wewe unatuandikia kama mtu aliyeshiba.

Jua limefika kwenye tangi la maji. Nimechora kwa chaki kwenye kioo cha dirisha, alama baada ya alama, na kila nikichora nafsi inatulia kidogo. Lakini si hilo lililonifanya nikae kuandika leo.

Juzi nilikuwa dirishani, nikajisemea, "Limegusa tangi." Mama alikuwa kwenye kiti chake ananikunjia vitambaa kwa kupapasa. Akasema bila kuinua kichwa, "Bado hilo. Jua la mnara ni mwezi ujao."

Nikageuka. "Jua la nini?"

"La mnara. Linaposhuka pale mwisho wa barabara ya kiwanda cha mbao, penye mnara wa simu. Linapita hapo likienda, linapita tena likirudi. Sisi wa mikate tunalijua. Msimu wake ukifika hatupiti pale jioni, tunazungukia njia ya shule. Ni mbali, mikate inapoa, lakini tunazunguka."

"Kwa hiyo Mama ulikuwa unajua?"

"Nijue mara ngapi? Mimi ndiye niliyemfundisha nduguyo. Nilimkalisha kiti cha abiria nikamwonyesha kwa kidole."

Nilikaa chini sakafuni. Nikamuuliza, kwa nini hukuyasema haya mbele ya hakimu? Tumesimama pale tunachekwa, na wewe unalo jibu mfukoni. Akaweka vitambaa pembeni. "Niseme nini? Kwamba alijua, na bado akapita? Hilo halimtetei, linamkandamiza. Sitasimama mbele za watu nimwoshe mwanangu kwa jua. Mtu mwenyewe aliyekufa nilikuwa namfahamu."

Basi ndiyo maana hakuja kukuona, Ngazi. Siyo kwamba haamini habari ya jua. Anaiamini kuliko sisi sote. Tumenuniana siku mbili, mimi namwekea chakula mezani bila kusema karibu, yeye anakula bila kusema asante. Jana nimekwenda kwa mwenye tanuri la mikate, nikamkuta dereva mwingine, yule mnene, naye kaniambia habari ile ile ya jua la mnara neno kwa neno. Yuko tayari kusema popote. Wakili safari hii hakukuna kidevu. Alitoa kalamu.

Lakini na mimi sasa nakuuliza. Ulifundishwa. Kwa nini ulipita pale? Au usinijibu mimi, maana Mama ameomba karatasi.

Dada yako


14 Februari

Wewe kijana,

Herufi ni kubwa kwa sababu macho yamekuwa madogo. Dada yako amenipa kalamu nene.

Sihitaji salamu, nataka jibu. Nilikufundisha jua la mnara. Nilikufundisha mara mbili, kwa sababu wewe mara ya kwanza huwa husikii. Jioni ile kwa nini ulipita pale?

Nimeendesha gari lile tangu wewe hujaota meno na sikuwahi kukwaruza hata kuku. Daktari aliponikataza usukani na leseni ikachukuliwa, nilitoa ufunguo mfukoni nikauweka mkononi mwako mbele ya mwenye tanuri. Nikamwambia, huyu na mimi ni kitu kimoja. Umeniumbua mbele yake, na mtu wa watu amekufa.

Halafu niambie na mimi nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, na mdomo ninao. Mbona sikukukataza? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mama yako


Rumande, 26 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama vile uko mbele yangu.

Nilipita pale kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Mikate ilibaki, duka la mwisho lilikuwa linafungwa, nikaona kuzungukia njia ya shule ni mbali. Nilifikiri nitawahi kabla jua halijashuka. Nilifanya pupa. Sina la kuongeza.

Wewe hukunikataza kwa sababu ulikuwa umesinzia. Ulikuwa umechoka na mizunguko yangu, ukaegemeza kichwa kwenye kioo, ukalala. Hukuona kona wala barabara. Kwa hiyo usijitese, Mama. Hakuna ulichotakiwa kufanya ambacho hukukifanya.

Ufunguo ulinipa mimi, na mimi ndiye sikuutunza. Nakuomba radhi kwa hilo, na kwa mlinzi, na kwa aibu. Macho yako unayawekea dawa? Usidanganye ukisema ndiyo, dada ataniambia.

Mwanao


Chumba cha kushonea, 9 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini usome hii. Imekubalika. Yule dereva mnene amekwenda kwa wakili, ameapa, ameandikiwa, ametia sahihi. Wakili akaenda kwa hakimu. Hakimu amesema hataki kuhukumu akiwa na mashaka, watarudi barabarani jioni ya tarehe ishirini na moja. Mwendesha mashtaka amepinga mpaka mate yamemkauka.

Na jua linakimbia sasa. Mwezi wa kwanza lilikuwa linajivuta kama mtoto aliyetumwa asikotaka, nachora alama zangu karibu karibu. Siku hizi kila jioni limeruka. Limeliacha tangi, limepita miti ya shule, kati yake na mnara imebaki nafasi ya kuweka ngumi. Nalala nikiliwaza, naamka nikiombea mawingu yasije.

Sasa habari ya Mama. Ulimwandikia nini wewe? Alinifanya nimsomee mara tatu. Nilipofika penye "ulikuwa umesinzia" akanisimamisha. "Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Ngazi, ulikuwa unafikiria nini? Mama alale kwenye gari? Umesahau safari ya msiba wa shangazi, basi zima limelala kutwa na kucha, yeye peke yake kakaa nyuma ya dereva anamwambia punguza, ongeza, sasa badilisha gia? Dereva aliomba abadilishiwe abiria.

Tangu siku hiyo amenyamaza. Hanuni, amenyamaza tu. Kila jioni anakuja mwenyewe kukaa dirishani na jua linampiga usoni, namwambia Mama sogea litakuumiza, ananiambia niache. Jana ameniuliza, "Waliponitoa kwenye gari, walinitoa upande gani?" Nikasema sijui, sikuwepo. "Uliza," akasema.

Hakimu anamtaka barabarani, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa nawe garini. Najua uliniomba nisimpeleke. Nilitaka kukutii. Lakini sasa anakwenda kwa hiari yake, nguo ameshazichagua, na hata nikimfungia mlango atatokea dirishani. Siku zimebaki chache. Piga moyo konde.

Dada yako


18 Machi

Dada,

Barua hii haijapita kwa askari. Mwenzangu anatoka kesho asubuhi, ameificha chini ya soli ya kiatu. Ukishaisoma ichome.

Usimpeleke Mama. Sasa nakwambia kwa nini. Aliyekuwa anaendesha ni yeye.

Nilimchukua siku ile azunguke nami, alikuwa amechoka kukaa ndani. Tulipomaliza kugawa mikate akaniomba usukani. Mama hajawahi kuniomba kitu, dada, huwa ananiamuru. Siku ile aliomba. "Hii barabara ya kiwanda tu, imenyooka, kisha nakurudishia." Nikazima gari, tukabadilishana. Msimu ule wala sikuukumbuka, na yeye ndani ya mwaka mzima wa kukaa nyumbani alikuwa ameusahau. Alivuta kiti mbele, akakaa sawa, akawa yule Mama wa zamani. Mimi nilikuwa namtazama yeye, sikutazama njia. Tukakata kona na jua zima likawa mbele yetu. Mimi nilifumba jicho moja. Yeye na ule ukungu alisema neno moja tu, "Nyeupe." Kisha tukasikia kishindo na gari likaingia mtaroni.

Alipiga kichwa akazimia. Watu wa kiwanda walikuwa wameshatoka kazini, hapakuwa na mtu. Nikamvuta upande wangu, nikakaa kwenye usukani, ndipo nikapiga kelele. Alipozinduka hospitali swali lake la kwanza lilikuwa, "Uliwezaje kupita pale?" Nikajua hakumbuki. Nikainamisha kichwa, nikamshukuru Mungu.

Hana leseni, dada. Daktari amemkataza kwa maandishi. Kwake yeye hawataiita ajali, wataiita jina jingine. Na huku nimekuona. Mtu wa umri wake na macho yale, akiingia, sisi tutakuja kumchukua amefunikwa. Na ufunguo nilimpa mimi, kwa hiyo nusu ya kosa ni langu kwa vyovyote. Mimi kubeba na hiyo nusu nyingine naweza.

Nimemtumia wakili ujumbe kwamba nataka kukiri, hajafika. Mwambie asitishe. Mwambie naumwa, mwambie nimekuwa kichaa. Jua likiwa palepale na yeye akikaa ndani ya gari lile, atakumbuka. Naogopa hilo kuliko hukumu.

Mdogo wako


Chumba cha kushonea, 24 Machi

Mdogo wangu,

Yule rafiki yako mwenye viatu amefika, siku moja baada ya kila kitu. Alipitia kwao kwanza, akakaa na mama yake, akala, akalala. Siwezi kumlaumu. Alichoniletea nimekitumia kuwashia jiko. Hilo limekwisha na sitalirudia.

Ngoja nikueleze ya barabarani, ambayo kila mtu aliyaona. Mawingu yalikuwepo tangu mchana, nikasema leo tumekwisha. Jioni yakafunguka. Jua likashuka mwisho wa barabara, juu ya mnara, limekaa katikati kabisa. Hakimu alikuwa amesimama penye kona. Lami yote ikawaka, ikawa haina mwanzo wala mwisho. Alikinga uso kwa faili, akaita, "Karani, uko wapi?" Karani alikuwa mbele yake pale, ningeweza kumgusa. Hakuna aliyecheka. Wakili aliniminya mkono mpaka nikaumia. Mwendesha mashtaka akawa anatazama viatu vyake, na mke wa mlinzi akajifunika uso kwa mtandio, sijui ni kwa mwanga au kwa machozi.

Umeaminiwa, Ngazi. Wakili anasema hakimu akiandika kile alichokiona, wewe unarudi nyumbani.

Kisha likaletwa lile gari la mikate. Wakili akamwomba Mama akae pale alipokuwa amekaa jioni ile. Mama akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva, akapanda. Wakili akacheka kidogo, "Mama, ni upande wa pili." Hakimu naye akacheka, maana kila mtu anajua alikuwa dereva. Mimi nilikuwa mlangoni. Alivuta kiti mbele. Mikono ikaenda kwenye usukani yenyewe, jua likamjaa usoni, hakufumba macho. Akasema neno moja, chini chini. Unalijua ni lipi. Mimi siku ile sikujua maana yake.

Akateremka akasema, "Nisameheni, ni mazoea." Akakaa upande wa pili, akajibu maswali yote ya hakimu: sikumbuki, sikumbuki, sikumbuki.

Siku ya pili ndipo alipokuja mwenye viatu.

Nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma. Hakimu ameshaona. Hana haja ya kuona zaidi. Wewe ukinyamaza, na mimi nikanyamaza, na aliyepo hapa chumbani akanyamaza, tutakaa meza moja sote watatu. Najua ninachokuomba. Sikijutii. Ninaogopa kitu kimoja tu: leo asubuhi Mama ametoka peke yake na fimbo yake, bila kuaga, na aliporudi viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu. Vumbi hilo liko kule wanakoishi watu wa mlinzi.

Dada yako


31 Machi

Mwanangu,

Askari anayesoma barua hii na aisome vizuri, asiruke mstari. Akitaka amnakilie hakimu, atanipunguzia mwendo.

Nilikuwa naendesha mimi.

Nilijua tangu ulipoandika kwamba nilisinzia. Huwezi kuongopa, hujawahi kuweza. Lakini kukumbuka kwenyewe nimekumbuka nikiwa kwenye kiti, jua mbele yangu. Sikusema pale kwa sababu niliogopa. Dada yako alipoona nimejua, alinieleza mpango wake. Tunyamaze watatu, wewe urudi, maisha yaendelee. Ni mpango mzuri. Niliupenda, nilikaa nao siku kadhaa, na nilikaribia kuukubali. Nakwambia hivyo ili usinione malaika.

Ila kuna jambo wewe hukuliona, kwa kuwa ulikuwa umenigeukia mimi. Mahakamani wamesema mlinzi alikatiza barabara ovyo, wengine wakasema gari liliacha njia. Yote siyo. Miaka yangu yote kwenye lile gari, jioni nikifika getini kwake nilikuwa napunguza mwendo, yeye anakuja mpaka dirishani kwangu, nampa mkate uliobaki bila kusimama. Kwako hakuja hata siku moja, ulinisimulia mwenyewe, alikuwa anakupungia tu akiwa amekaa. Mwaka mzima hakuniona. Jioni ile tulipokata kona, kabla jua halijanifunika, nilimwona anainuka kwenye kiti. Alikuwa ameniona. Akaja barabarani mkono juu, anakuja kwangu, anajua nitapunguza. Kisha sikuona kitu tena.

Ungekuwa wewe kwenye usukani angebaki amekaa. Hakuja kwa gari, mwanangu, alikuja kwangu mimi. Hicho siwezi kukuachia ukibebe, hata kama watakuachia huru, hata kama hakuna atakayejua.

Wakili nimemwambia, akavua miwani. Dada yako amelia, amenitukana, kisha amenishonea gauni la kwenda nalo mahakamani, lina mifuko miwili mikubwa, sijui anafikiri nitabeba nini. Tarehe tatu usiseme neno mpaka mimi nimalize. Ukiulizwa, jibu lako tu: ulimpa usukani mtu asiyeona, na ulimwongopea hakimu. La kwangu usiliguse.

Kwa mke wa mlinzi nimekwenda mara tatu. Mara mbili niliishia mlangoni nikageuka. Jana nilibisha hodi. Nilitaka asikie kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinisikiliza amesimama, ameshika mlango, hakunikaribisha ndani, na sikutegemea anikaribishe. Nilipomaliza nilingoja anifukuze. Akaniuliza kitu kimoja tu, mume wake alikuwa na uso gani alipokuwa anakuja. Nikamwambia alikuwa anacheka.

Mama yako